Mbele ya Kiti cha Mkubwa wa Mji

Mama yangu alishuka kwenye basi pale Durban miguu ikiwa imevimba, begi moja begani na chupa mbili za mawese ndani ya mfuko wa plastiki, na kabla hatujamaliza kukumbatiana akaniuliza, "Mkubwa wa hii mji anakaa wapi?"

Nilidhani ni uchovu. Alikuwa ametoka Uvira, kule Kongo, akapita Tanzania, Zambia na Zimbabwe, akilala kwenye viti vya mabasi na sakafu za makanisa. Nikamwambia, "Twende kwanza nyumbani, mama, ukaoge." Akaitikia. Lakini ndani ya teksi aliuliza tena, na asubuhi yake, chai ikiwa bado mkononi, akauliza tena. Hapo nikafahamu kwamba hakuja kuniona mimi tu. Alikuja kumtafuta mwanawe.

Kaka yangu, kifungua mimba wake, alipotea mwaka 2008. Tulikuwa tunaishi Greyville, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, upande mmoja sisi, upande mwingine mume na mke kutoka Bukavu. Mimi nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni ya chini ya jengo letu. Yeye alikuwa anapakua makontena katika ghala moja kule Clairwood. Yalikuwa majuma yale ambayo watu walikuwa wanawafukuza wageni mitaani, na sisi tulikuwa tumeambiana tusitoke. Alitoka. Alisema asipoonekana kazini, kesho yake mtu mwingine atakuwa amesimama mahali pake. Kulikuwa na manyunyu, akavaa koti lake la mvua la manjano, akanionya nisimfungulie mtu mlango, akashuka ngazi. Nilisikia viatu vyake mpaka chini.

Msimamizi wa ghala aliniambia alifika, alifanya kazi, na alitoka saa ya kutoka pamoja na wenzake. Wenzake walisema waliachana naye kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, yeye akanyoosha njia peke yake kwa sababu teksi zilikuwa zimekataa kubeba wageni. Baada ya hiyo robot hakuna mtu aliyemwona. Simu yake iliita, kisha ikaacha kuita. Nilienda hospitali zote ambazo watu walinitajia. Nilienda polisi, wakaandika, wakaniambia niende nyumbani. Nilienda chumba cha maiti cha serikali, nikaonyeshwa vijana wengi kuliko nilivyodhani mji mmoja unaweza kuwa nao, na hakuna aliyekuwa yeye. Siku ile nilitoka pale nimefurahi. Leo nikikumbuka furaha ile naisikitikia.

Nilipompigia mama simu kumwambia, hakulia. Aliuliza, "Umefika kwa wakubwa?"

"Nimefika polisi, mama."

"Polisi si wakubwa."

Alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Mimi nikiwa mtoto, askari walimchukua baba usiku na hakuna aliyesema wamempeleka wapi. Mama alifunga kitenge, akabeba kuku, akaenda kukaa kwenye baraza la ofisi ya mkuu wa teritware, yaani mkuu wa wilaya. Walimfukuza akarudi. Wakamfukuza tena, akarudi tena. Mwishowe mkuu mwenyewe alitoka nje, akamsikiliza akiwa amesimama, akaandika karatasi fupi, na kabla juma halijaisha baba alirudi nyumbani akiwa amekonda lakini yu hai. Baba alikufa miaka mingi baadaye kitandani mwake, kwa ugonjwa wa kawaida. Kwa hiyo mama alijua, na hakuna ambaye angeweza kumwambia vingine, kwamba mahali penye serikali pana mtu, na mtu huyo ukimfikia kwa heshima atakusikiliza.

Alifika Durban miaka mitatu baada ya kaka kupotea. Kwa miezi mingi nilimzungusha. Nilimwambia mkubwa amesafiri. Nilimwambia hapa si kama kwetu. Aliwauliza majirani, akamwuliza pasteur wetu wa kanisani, akawauliza vijana wa duka la simu, na wote wakamwonyesha upande uleule: katikati ya mji, lile jengo kubwa lenye kuba, City Hall. Akawa anasimama kwenye dirisha letu akitazama upande ule, ingawa kutoka Greyville huoni kuba lolote, unaona tu maghorofa na nguo za watu zimeanikwa.

Saluni nilikuwa naenda naye ili asibaki peke yake. Alikaa kwenye kona akinichambulia nywele za bandia, fungu kwa fungu. Nilikuwa na mteja mmoja, mama Mzulu wa makamo, mwenye sauti ya upole na kucha fupi, ambaye alikuja kila mwisho wa mwezi kusuka nywele zilezile za mistari. Siku moja mama akaniambia nimwulize anafanya kazi gani. Nikauliza kwa Kiingereza. Akasema anatumika City Hall, anawatembeza wageni, watoto wa shule na watalii.

Nilipotafsiri, mama aliweka chini zile nywele.

"Mwulize kama sisi tunaweza kuingia."

Yule mama alicheka, akasema mtu yeyote anaweza kuingia, ni jengo la watu wote. Akasema tuje Alhamisi asubuhi, siku hiyo shule hazina ziara, atatutembeza yeye mwenyewe. Nilimwambia tu kwamba mama yangu anapenda kuona jengo. Sikumwambia zaidi. Na mama nilimwambia waziwazi, tena mara mbili, "Ni kutembea tu, mama. Ni kutazama. Hakuna mtu wa kuongea naye."

"Nimesikia," akasema.

Alhamisi aliamka mapema, akaoga, akavaa kitenge chake cha bluu cha sikukuu na blauzi yake, akafunga kilemba. Akafungua kabati, akatoa chupa ya pili ya mawese, ile ambayo hatukuwa tumeigusa, akaifuta vumbi, akaiweka kwenye mkoba.

"Hiyo ya nini?"

"Utaenda kwa mkubwa mikono mitupu?"

Tulikuwa tumeshaongea mengi.

Tulitembea mpaka mjini. Mbele ya City Hall kuna bustani yenye minazi mirefu na sanamu za wazungu wa zamani, wengine wamesimama, mmoja ameshika kitabu, wote wakiwa na kinyesi cha njiwa mabegani. Chini ya sanamu watu walikuwa wamelala juu ya maboksi, na wapiga picha za pasipoti walikuwa wanawaita wapita njia. Mama alitazama kila sanamu akaniuliza ni nani. Sikujua hata mmoja. Tukafika kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita, mrefu, una malaika wa rangi rangi juu na simba wawili chini. Kwenye kuta zake yameandikwa majina, safu baada ya safu.

"Haya majina ya nani?"

"Ya askari waliokufa vitani. Zamani."

"Walikufia hapa?"

"Hapana, mbali. Ulaya, nadhani."

Mama alisogea, akaweka kidole juu ya jina moja, akalifuata herufi kwa herufi ingawa hajui kusoma. Akasema, "Walikufa mbali, lakini wenzao wakaandika." Akanigeukia na uso ambao sijauona tangu nikiwa mdogo, uso wa mtu ambaye mambo yake yanaelekea kuwa mazuri. "Hawa ni watu wanaohesabu wafu wao, binti yangu. Ni watu wa maana. Twende."

Ningemrudisha nyumbani pale pale kama ningeweza. Lakini alishaanza kupanda ngazi.

Mlangoni kulikuwa na meza na mlinzi kijana. Alitazama ndani ya mkoba, akatoa chupa, akaigeuza, akainusa.

"Hii ni nini?"

"Mafuta ya kupikia," nikasema.

"Mwambie ni ya mkubwa," mama akasema kwa Kiswahili.

Nikamwambia mlinzi tumetoka sokoni. Akasema vitu vya maji haviingii, tutavikuta mezani tukitoka. Mama alisita, akaiacha, huku akigeuka kuitazama.

Yule mteja wangu alikuwa anatungoja ndani, amevaa koti la kazi lenye beji. Alipiga magoti kidogo kumsalimu mama kwa mikono miwili. "Sawubona, gogo."

Mama aliitikia, kisha akaninong'oneza, "Kwa nini ananiita gogo? Mimi ni mti ulioanguka?"

"Ni bibi, mama. Kwa Kizulu gogo ni bibi."

Akakubali, ingawa hakupenda sana.

Ngazi za ndani zilikuwa za mawe meupe, pana kiasi kwamba familia nzima ingeweza kupanda kwa mstari mmoja. Tulipita chini ya kuba, tukaangalia juu mpaka shingo zikauma. Yule mama alituonyesha ukumbi mkubwa, wenye kinanda cha mabomba marefu kinachofika karibu na dari, akatueleza watu huja hapa kwa muziki na kwa sherehe za kumaliza shule. Alituonyesha korido yenye picha za wakubwa wa mji wa tangu mwanzo, kila mmoja na mkufu mzito kifuani. Mama alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima mbele ya kila picha. Hakuuliza kitu. Nilikuwa natafsiri, na nikaanza kupumua vizuri. Nikajisemea, pengine kuona kutamtosha. Pengine tutatoka hapa na chupa yetu, tutanunua vibanzi, tutarudi nyumbani, na jumba hili litakuwa tu kitu ambacho mama alikiona Durban.

Kisha yule mama akatoa ufunguo akasema, "Sasa chumba cha baraza. Hapa ndipo wanapokaa kuamua mambo ya mji."

Kilikuwa chumba cha mbao nyeusi zinazong'aa. Viti vilipangwa kwa nusu duara, vya ngozi, kila kimoja na kipaza sauti chake kidogo. Mbele kabisa, juu ya jukwaa, kulikuwa na kiti kirefu kuliko vyote, mgongo wake umechongwa. Hapakuwa na mtu. Mashine ya kupooza hewa ilikuwa inanguruma polepole.

"Mkubwa anakaa kiti gani?" mama akauliza.

Nilitafsiri. Yule mama akaonyesha kile kirefu.

Mama akavua viatu. Nilidhani zulia limemfurahisha. Akatembea na soksi zake mpaka chini ya jukwaa, akasimama wima, akakusanya mikono mbele ya tumbo, na akaanza kusema, kwa sauti ambayo si ya kanisani wala ya nyumbani. Ni sauti ya barazani. Nilikuwa nimeisahau.

"Mzee, mimi ni mama wa Uvira. Sikuja hapa kugombana na mtu. Nilikuwa na kijana, alikuja hapa kwenu kutafuta maisha, akapata kazi, alikuwa anabeba mizigo yenu kule Clairwood. Alikuwa na heshima, uliza wote. Asubuhi moja alienda kazi, mpaka leo hajarudi. Siulizi ni nani alimfanya nini. Siombi mali. Kama iko gerezani, mniambie, nitapeleka chakula. Kama alikufa, mnionyeshe pahali. Pahali tu. Mimi ndiye nilimzaa, iko haki yangu kujua pahali."

Akangoja.

Nisingeweza kumwambia kwamba kiti kile ni kitupu, alikuwa anakiona. Mama yangu hakuwa amechanganyikiwa, na watu niliowasimulia baadaye waliponiuliza hivyo niliwakatalia. Alijua hakuna mtu pale. Alikuwa amesafiri mpaka mwisho wa njia yake, na mwishoni palikuwa na kiti, basi akasema kwa kiti.

"Anasema nini?" yule mama aliniuliza taratibu.

Nilitafsiri yote. Nilianza kwa sauti ya kawaida na nilipofika kwenye "pahali" ikabidi nirudie.

Yule mama alikuwa ametuambia mlangoni kwamba wageni hawaruhusiwi kukalia viti vya madiwani. Sasa akavuta kimoja akakaa. Alikaa akiwa ameshika ule ufunguo mapajani, akitazama zulia.

"Eish," akasema. Nikafikiri tumemkosea.

"Kaka yangu," akaanza, "ile miaka ya mapigano, kabla hatujapiga kura mara ya kwanza. Watu walikuwa wanachinjana huku kwetu, chama na chama. Alitoka nyumbani kwenda mkutanoni. Hakurudi. Mama yangu aliuliza mpaka akafa. Mimi nilipopata kazi humu ndani, watu wa nyumbani walifurahi, wakasema, sasa uko karibu na wakubwa, utauliza." Akainua macho akanitazama. "Nawasalimia kila asubuhi. Wengine wananijua kwa jina. Na sijajua ni yupi wa kumwuliza. Waliokuwepo wakati ule hawapo tena. Waliopo wanasema wao hawakuwepo."

Mama alikuwa amegeuka. "Anasema nini?"

Nikatafsiri. Nilitafsiri neno kwa neno kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutafuta maneno mengine.

Mama alimtazama yule mwanamke kwa muda mrefu. "Na yeye anatumika humu ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Na ufunguo ni wake?"

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayejibu maswali ambayo hatuyasikii. Akarudi kwenye viatu vyake. Nilitaka kumsaidia kuvaa, akanizuia kwa mkono.

"Basi," akasema.

Nadhani yule mama hakujua atufanye nini baada ya hapo. Hakutaka tuondoke hivyo. Akasema, njooni nimwonyeshe gogo wanyama, na kwa vile ni mwenyeji wetu tukamfuata, tukapanda mpaka kwenye makumbusho ya juu. Kulikuwa na tembo mzima aliyejazwa majani, na kifaru, na ndege kwenye vioo. Mama alipita mbele yao bila kutazama, mpaka tukafika kwenye mifupa ya ndege mmoja mkubwa, mnene, mwenye mdomo uliopinda.

"Huyu ni nini?"

Niliuliza. Yule mama akaeleza kwamba ni ndege wa kisiwani, wa zamani sana, aliuawa na mabaharia mpaka akaisha. Hakuna hata mmoja duniani.

"Na mifupa yake waliipata wapi?"

Yule mama akasema hajui, labda ilichimbwa kwenye matope.

"Basi walitafuta," mama akasema.

Hilo sikulitafsiri.

Mlangoni mlinzi alitukabidhi chupa yetu. Mama aliishika, akaifikiria, kisha akampa yule mama kwa mikono miwili. Kwetu huendi kumwona mfiwa bila kitu. Yule mama hakuambiwa desturi yetu lakini aliielewa, akaipokea kwa mikono miwili hivyo hivyo, akainama. Hawakuwa na lugha ya kuagana. Walisimama pale mlinzi akiwatazama, mpaka mama akanishika kiwiko tukashuka ngazi. Tukapita kwenye bustani bila kusimama.

Kutoka siku ile mama hakuuliza tena. Miezi mingapi nilikuwa naomba aache kuuliza, na alipoacha niliona afadhali angeendelea. Swali ndilo lililokuwa linamwamsha. Sasa alikuwa anaamka kwa sababu mimi nimewasha jiko. Saluni alikataa kwenda. Kanisani alikwenda nikimbembeleza, akakaa nyuma, na wakati wa nyimbo mdomo wake haukufunguka. Pasteur alikuja nyumbani kumwombea. Aliweka mkono juu ya kichwa chake, akaanza kumwambia Mungu kuhusu muujiza, kuhusu kijana atakayegonga mlango siku isiyotegemewa. Mama akautoa ule mkono kwa upole kabisa.

"Pasteur," akasema, "acha."

Yule mteja wangu aliendelea kuja kwa muda. Nilimsuka mistari yake, tukaongea habari za mvua na bei za vitu. Hakuna kati yetu aliyegusa habari ya siku ile. Kisha akaacha kuja. Sijui kama alihama au alipata msusi mwingine, na kwenda kumwuliza pale City Hall sikuweza. Wakati mwingine mteja wa Morningside aliniita nimsuke nyumbani kwake, juu kwenye kilima, na nikiwa kwenye varanda yake, mji wote uko chini, nilijikuta nageuza kiti changu ili niipe bahari na majengo mgongo.

Mwaka 2015 yakarudi yale yale. Tena makundi yenye fimbo, tena maduka ya wenzetu yakivunjwa, tena watu wamelala kwenye mahema uwanjani. Ghorofa letu lilifungwa kwa minyororo. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, kilemba kichwani, tangu asubuhi mpaka jioni. Nilimwomba avue apumzike. Akaniambia, "Kaka yako alikuwa na haraka, hakuniaga hata kwa simu. Wewe nitakuaga nikiwa nimevaa."

Hatukuguswa. Mambo yalipotulia, watu wakaenda wakafanya maandamano ya amani, wakaimba, na redio ikasema yamepita vizuri. Mama alisikiliza, akazima redio.

"Narudi nyumbani," akasema. "Nataka kulia."

Nikamwambia anaweza kulia hapa, mimi nipo.

"Hapa nitalia vipi? Nikipaza sauti, majirani watagonga ukuta. Nataka kulia na watu wangu, chini, mkekani. Nataka kumfanyia matanga."

"Hatujui kama amekufa, mama."

"Mimi ndiye nasema," akajibu. "Kama hakuna mwingine wa kusema, basi nasema mimi."

Sikuweza kwenda naye. Mimi ni mkimbizi kwa karatasi, na ukirudi nchi uliyoikimbia, karatasi hiyo imekwisha, mlango umefungwa nyuma yako. Alisafiri na kina mama wengine wawili waliokuwa wamechoka kama yeye. Kwenye basi alikaa upande wa dirisha. Alinipungia mkono mara moja, akatazama mbele.

Matanga yalifanyika Uvira bila mwili, bila kaburi. Walizika nini sijui, sikuuliza. Mchana wa siku ile nilikuwa saluni, mteja kwenye kiti, nusu ya kichwa chake nimeshaisuka. Simu ikalia, ilikuwa ni mjomba. Nyuma yake nilisikia watu wengi, na juu ya wote nilisikia sauti ya mama. Alikuwa analia kwa kinywa wazi, sauti inayopanda na kushuka, na nilimfurahia na kumwonea wivu.

Mjomba akasema, "Wewe ndiye uliyemwona wa mwisho. Tunaweka simu kwenye spika. Waambie watu neno."

Nikaanza. Nikasema kulikuwa na manyunyu. Nikasema alivaa koti lake la manjano.

"Hatusikii," mjomba akasema. "Sema kwa nguvu."

Nikainua macho. Saluni ilikuwa imejaa. Wanawake watatu kwenye benchi walikuwa wanatazama midomo yangu, mmoja wao simjui. Siku zile tulikuwa tumejifunza kuongea lugha yetu chinichini, kwenye teksi, dukani, hata ngazini kwetu. Mwenye saluni, ambaye ni wa kwetu, alinitazama akatikisa kichwa kidogo kunikataza.

"Alinionya nisimfungulie mtu mlango," nikasema kwenye simu, kwa sauti ile ile.

"Hatusikii, binti. Kwa nguvu!"

Nilisema yaliyobaki, yote, mpaka pale nilipoacha kusikia viatu vyake, polepole, mkono mmoja nimefunika mdomo. Kule Uvira mjomba aliendelea kusema hatusikii, hatusikii, kisha akawaambia watu kwamba mtandao ni mbaya, na wakaendelea kulia bila neno langu. Nikaweka simu mfukoni. Mteja akauliza kwa Kiingereza kama kuna tatizo. Nikamwambia hapana, nikachukua fungu lingine la nywele.